Shoveli za umeme hazipimwi kwa tani tu, ulizeni mkono unasukumwa na nini

Mhariri, salaam nyingi, na wakubwa wote mnaosoma ukurasa huu wa barua shikamooni.

Nimesoma makala yenu ya juzi kuhusu shoveli, zile mashine kubwa za kuchota mwamba migodini, ile yenye jedwali la nani mkubwa kuliko mwenzake, nikaisoma mpaka chini afu nikarudia tena mana kuna kitu nilikuwa nakitafuta sikukiona. Mmeandika baketi inabeba tani ngapi, mmeandika uzito wa mashine, mmeandika inajaza dampa, lile lori kubwa la mgodini, la tani 363 kwa kuchota mara tatu au nne, sawa, yote ya kweli na yanavutia. Ila hamna hata mstari mmoja unaosema mkono wa baketi unasukumwaje kuingia kwenye mwamba. Na hapo ndo penye ugomvi wote, ndugu mhariri. Ukiziweka P&H 4100XPC ya Komatsu na Cat 7495 ya Caterpillar, zote shoveli za umeme, kwenye jedwali lenu zinaonekana kama mapacha, zote zinabeba tani 100 na ushee kwa mchoto mmoja, zote zinakula umeme kupitia kebo nene inayoburuzwa chini, zote uzito wake unazidi tani elfu moja, msomaji anabaki kuuliza sasa tofauti iko wapi, bei au rangi. Fundi akisimama mbele yake anaona vitu viwili ambavyo havifanani kabisa, na karibu tofauti yote imekaa kwenye mfumo wa kusukuma, huku saiti tunauita kraudi.

Mimi ni fundi wa mashine nzito, makazi yangu Tunduma mpakani na Zambia, miaka kadhaa nimeila upande wa pili kwenye migodi ya shaba. Sio injinia wa kiwandani. Nimeandika mana naona mjadala wa migodi unakua kila siku kwenye magazeti yetu na watu wanaongea mashine kama wanavyoongea simu, ipi mpya ipi kubwa.

Tuanze na kazi yenyewe. Shoveli ya umeme ya kamba inafanya mambo matatu ikiwa imesimama sehemu moja: inanyanyua, inasukuma, inazunguka. Kunyanyua ni kamba za chuma zinazotoka kwenye dramu, yani ngoma ya kukunjia kamba, ndani ya nyumba ya mashine, zinapanda mpaka ncha ya bumu, ile nguzo ndefu iliyoinama mbele ya mashine, zinashuka kushika baketi. Kuzunguka mnakujua. Kusukuma ndo huo mkono mrefu uliopita katikati ya bumu, unaenda mbele na kurudi nyuma. Mtu anayechota mchanga kwa koleo anajua, mkono mmoja unanyanyua ila bila goti kusukuma mpini koleo linaparuza juu juu tu. Kamba za kunyanyua peke yake zingevuta baketi juu ikiwa imejaza robo, msukumo ndo unaoilazimisha ikae ndani ya mwamba wakati inapanda, na opereta mzuri utamjua kwa jinsi anavyochanganya hivyo viwili, akisukuma sana mashine inakwama na kunguruma, akisukuma kidogo anarudi na hewa. Mzunguko mzima kuchota, kugeuka, kumwaga na kurudi ni kama nusu dakika hivi, kwaiyo kwa siku moja huo mkono unaenda na kurudi mara nyingi sana, chochote kilichopo pale kinachoweza kulika kitalika.

Sasa P&H. Hawa ni wa Milwaukee, jimbo la Wisconsin kule Marekani, kampuni ya Pawling na Harnischfeger ya tangu 1884, baadae ikawa Joy Global na 2017 Komatsu wakainunua. Wao msimamo wao ni meno. Mkono wao una miguu miwili, mmoja kila upande wa bumu, yani bumu imekaa katikati kama imekumbatiwa, na chini ya kila mguu kuna reli ya meno imechomelewa. Katikati ya bumu imepita shafti kubwa, kwenye shafti kuna pinioni mbili, yani gia ndogo zinazokamata hayo meno, zikizunguka mkono unaenda, zikigeuza mkono unarudi. Mota ya kusukumia imekaa hapo hapo juu ya bumu, inazungusha boksi la gia kwa mkanda mpana. Huo mkanda watu wanaudharau wakati ndo akili ya mfumo mzima. Baketi ikigonga jiwe ambalo halijavunjwa vizuri na baruti, mshtuko unarudi kwenye mkono, unaingia kwenye meno, unaenda kwenye gia, na kama kungekuwa na chuma tupu mpaka kwenye mota kitu kingevunjika. Mkanda unateleza kidogo, mshtuko unafia pale. Mkanda ni bei ndogo na unabadilishwa mapema, boksi la gia sio bei ndogo.

Wazo la meno sio jipya lakini. Shoveli za mvuke zilizochimba mfereji wa Panama, zile ambazo Rais Roosevelt alipanda moja akapigwa picha Novemba 1906, zilikuwa na injini ndogo ya mvuke juu ya bumu inasukuma mkono kwa pinioni na meno. Na cha kuchekesha ile aliyopanda Roosevelt ilikuwa ya Bucyrus, hao hao ambao miaka ya baadae walikuja kuyaacha meno.

Bucyrus walianzia mji wa Bucyrus, Ohio, mwaka 1880, wakahamia South Milwaukee 1893. Kwaiyo hizi kampuni mbili zilizogombana dunia nzima zilikuwa majirani, mtu anaweza kutoka geti la huyu akafika geti la yule kwa gari muda mfupi tu, nadhani hata mafundi wao walikuwa wanakunywa sehemu moja. Caterpillar waliinunua Bucyrus mwaka 2011 na ile shoveli iliyokuwa inaitwa 495 ikawa 7495. Hawa msimamo wao ulikuwa kamba. Mkono wao ni mmoja tu, bomba la duara nene, limepita katikati ya bumu. Mota na dramu za kusukumia haziko juu ya bumu, ziko chini kwenye sakafu ya mashine. Kutoka kwenye dramu zinatoka kamba, zinapanda na bumu mpaka kwenye puli za katikati pale mkono unapopita, kamba moja inaenda kuzunguka mkia wa bomba kwa nyuma, hiyo ikivutwa mkia unakuja mbele kwaiyo baketi inasukumwa kwenye mwamba, nyingine imeshika upande wa mbele, hiyo ikivutwa mkono unarudi. Moja ya kwenda moja ya kurudi.

Faida yake ni mbili na zote ni kubwa. Ya kwanza lile bomba linaweza kujizungusha ndani ya kishikio chake. Fikiria baketi ina upana wa chumba, jino la pembeni kulia linagonga jiwe gumu, kushoto kuna udongo laini. Baketi inataka kujipinda. Kwenye P&H huo mpindo unapita kwenye miguu miwili unaingia moja kwa moja kwenye bumu, kwaiyo bumu lazima ijengwe nene ya kuvumilia kusokotwa. Kwenye bomba la duara mkono unajigeuza kidogo tu, mpindo hauingii kwenye bumu, kwaiyo bumu inaweza kuwa nyepesi. Ya pili ni hiyo ya mota kukaa chini. Kila tani unayoweka juu ya bumu ni tani inayokuwa mbali na kitovu cha mzunguko, na sehemu kubwa ya ile nusu dakika ni kugeuka kwenda kwenye dampa na kugeuka kurudi. Mbele ikiwa nyepesi mota za kuzungusha zinafanya kazi kidogo, breki hivyo hivyo, au uamue uzito uliookoa uuweke kwenye baketi ubebe mzigo zaidi.

Kama mtu anadhani haya ni maneno ya wauza mashine basi aangalie Warusi. Kiwanda cha IZ-KARTEX pale Kolpino karibu na Saint Petersburg wao hawakuchagua upande, wanatoa zote mbili. Kuna EKG-18R na EKG-20K, kuna EKG-32R na EKG-35K. R ni ya meno, K ni ya kamba, na namba ni ujazo wa baketi kwa mita za ujazo. Familia moja kiwanda kimoja, ukitoa meno ukaweka kamba baketi inakua kutoka 18 kwenda 20, kutoka 32 kwenda 35. Kwangu mimi huo ndo ushahidi safi kuliko wote mana hakuna kampuni mbili hapo zinazosifia biashara yake, ni watu wale wale wamepima wenyewe wakaandika kwenye jina.

Sasa mtu atasema basi kamba imeshinda tufunge mjadala. Hapana, taratibu.

Kamba inaisha. Haiishi kama gia inavyoisha, pole pole mwaka hadi mwaka, kamba inaisha kwa masaa na haisubiri bajeti. Inapita kwenye puli, inajikunja na kujinyoosha kila mchoto, vumbi la mwamba linaingia ndani ya nyuzi na kusaga, nyuzi moja moja zinakatika, na nyingine zinakatikia ndani ambapo jicho halioni. Kwaiyo saiti yenye nidhamu haisubiri ikatike, inahesabu masaa, ikifika inaitoa hata kama kwa macho inaonekana bado ina maisha, inaweka mpya. Na kamba mpya inanyooka, siku za mwanzo lazima uirudie kuikaza, ikilegea mkono unacheza, opereta anasukuma na kwa muda hakuna kinachotokea afu ghafla panashtuka. Kazi ya kubadilisha yenyewe sio ya kutisha, kama kamba iko tayari na winchi iko tayari na watu wanajua ni kazi ya shifti moja haifiki hata mwisho. Shida ni hiyo kama.

Mgodi mmoja niliopita, sitautaja, walikuwa na shoveli yenye kraudi ya kamba na mkuu wa matengenezo alikuwa bingwa wa kuongeza masaa. Kamba imefika muda wake, anaambiwa, anasema bado hiyo, isukumeni mpaka mwisho wa mwezi, mana mwisho wa mwezi ndo tani zinahesabiwa. Ikakatika ile ya kusukuma, katikati ya kuchota, usiku. Hakuna aliyeumia, tunashukuru. Ila kamba ya kusukuma ikikatika baketi iko mwambani mkono hauna cha kuushikilia usirudi nyuma, unarudi na uzito wake wote, ukagonga vizuizi vya mwisho, kikapasuka kitu ambacho stoo hakikuwepo. Kazi ya shifti moja ikawa wiki na zaidi. Na madampa yamepanga foleni hayana wa kuyapakia. Yule bosi kwenye ripoti aliandika kamba ilikuwa na kasoro ya kiwandani.

Ndo nasema usilaumu kamba. Kamba ilisema mapema tu, kwa masaa.

Meno yana usumbufu wa aina nyingine. Reli ya meno na pinioni ni gia za wazi, hazimo ndani ya boksi lenye mafuta, zinapakwa grisi nzito nyeusi ambayo inashika vumbi, na vumbi na grisi ni msasa. Meno yanakonda. Ule mkono unakaa kwenye vishikio ambavyo vina sahani za kulika, sahani zikilika mkono unaanza kuinuka na kushuka, pinioni na meno havikutani tena pale panapotakiwa, vinakutana kwenye ncha, na hapo uchakavu unakimbia. Dawa yake ni kupima mwanya na kuongeza vipande vya kuzibia, kazi ya kuchosha isiyo na sifa, hakuna bosi anayekupongeza umeongeza milimita kadhaa kwenye kishikio. Afu kuna nyufa. Mkono wa miguu miwili umeunganishwa kwa kuchomelea, na kwa sababu unapokea mpindo wote ninaousema hapo juu, nyufa zitakuja, sio swali la zitakuja au hazitakuja. Zikija zinataka mchomeleaji wa kweli, anayejua kupasha chuma joto kabla, kuchimbua ufa mpaka mwisho wake, kujaza tabaka kwa tabaka, kuacha kipoe taratibu, afu kupima. Sio mtu wa kuja na fimbo ya kuchomelea na kupaka juu.

Na kuna ugonjwa ambao wote wanaugua ila waliozoea meno wanaujua zaidi, bumu kunyanyuka. Opereta ameweka baketi chini kabisa mguuni mwa ukuta, anasukuma kwa nguvu zote, mwamba haukubali, sasa nguvu inatafuta pa kwenda, inainyanyua bumu yenyewe juu kwa kuegemea baketi. Kamba zinazoshikilia bumu zinalegea. Halafu mwamba unaachia au opereta anaachia, bumu inaanguka kwenye kamba zake na kushtua mashine yote mpaka kwenye fremu. Mashine za siku hizi zina vihisio vya kukata msukumo ikianza, ila nimeona saiti ambapo kihisio kimezimwa kwa sababu kinasumbua uzalishaji. Kinasumbua!

Kuna njia ya tatu. Bucyrus kabla hawajauzwa walitoa mfumo wa haidroliki, yani wa kusukuma kwa mafuta yenye presha, wakauita HydraCrowd, Caterpillar wakaendelea nao. Lile bomba la mkono liko vile vile, bado linaweza kujizungusha, ila ndani yake wameweka silinda ndefu ya haidroliki. Hakuna kamba ya kubadilisha, hakuna meno ya kupaka grisi. Silinda inasukuma, silinda inavuta, mshtuko unamezwa na mafuta. Ukiisoma kwenye karatasi unasema basi tumemaliza, kwanini mtu yeyote ahangaike na mengine. Lakini Caterpillar hao hao 7495 waliitoa pia ikiwa na kamba kwa mteja anayetaka kamba, na mteja anayetaka yupo. Kwanini? Haidroliki inataka usafi. Inataka sili, hozi, vichujio, mafuta ya aina moja yasiyochanganywa, na punje ya mchanga ikiingia wakati unafunga hozi porini kwenye upepo, hutaiona leo, utaiona mwezi ujao valvu imekwama. Silinda yenyewe ikivuja kwa ndani huiungi mguuni mwa ukuta, inatoka nzima inaenda karakana yenye vifaa. Kama mgodi uko karibu na karakana ya namna hiyo, hapo sio shida. Kama iko nchi nyingine ni shida.

Naongezea moja kwa wapenda historia mana naona wasomaji wenu wanapenda. Kampuni ya Marion ya Ohio, hao ndo waliotengeneza na yale matraki ya NASA ya kubeba roketi, walikuwa na mtindo wao wa goti kwenye mashine za kuondoa udongo juu ya makaa ya mawe. Mkono haukubebwa na bumu, ulishikwa na fimbo ya pili iliyojikunja kama goti, msukumo ukapita kwenye goti kwenda kwenye mnara wa mashine, bumu ikabaki na kazi ya kubeba kamba za kunyanyulia tu. Ile shoveli yao iliyoitwa Mountaineer ya 1956 ilikuwa hivyo na ile Captain ya Illinois iliyoanza kazi 1965 ilikuwa hivyo, baketi ya yadi za ujazo 180, karibu mita za ujazo 138, hakuna shoveli ya leo inayoisogelea. Iliungua 1991, haikurudi kazini. Mtindo wa goti ulikuwa mzuri kwa mashine inayokaa sehemu moja inahamisha udongo pembeni, ila kwa mashine ya kupakia madampa ambayo kila siku inasogea na kugeuka ukaonekana mzigo mzito, ukafa na zile mashine.

Sasa turudi kwetu, mana mtu atauliza haya ya Wisconsin na Ohio yanatuhusu nini. Migodi mikubwa ya wazi huku kwetu imezoea shoveli za haidroliki za dizeli, zile ambazo hata picha yenu ya ukurasa wa kwanza ilikuwa mojawapo, maelezo yakasema shoveli ya kamba. Sio ya kamba ile, angalieni bumu, hamna kamba hata moja, kuna silinda zinaonekana kwa macho. Ila jirani hapo Zambia, mkoa wa Kaskazini Magharibi, mgodi wa Sentinel pale Kalumbila wana shoveli kubwa za umeme na madampa yanapanda na nyaya za trolii, yani nyaya za umeme zilizopita juu ya barabara, na vijana wetu wa Mbeya, Songwe na Rukwa wanavuka mpaka kutafuta kazi huko, na wenzetu wa Kolwezi na Lubumbashi wanaozungumza Kiswahili wako kwenye ukanda huo huo wa shaba. Na mizigo mingi ya Zambia na Kongo inapita bandari ya Dar inapanda barabara hii ninayoiona kutoka mlangoni kwangu. Kwaiyo inatuhusu.

Na barabara yenyewe ina la kusema kwenye huu mjadala ambalo sijawahi kuliona kwenye karatasi ya muuzaji. Kamba ya kraudi inakuja imezungushwa kwenye ngoma ya mbao, inapanda semi ya kawaida, inapita mizani, inapita Tunduma kama mzigo mwingine, ikikaa foleni siku kadhaa mpakani kama kawaida yetu hakuna anayejua. Mkono mzima wa miguu miwili ni mzigo wa kibali maalum, lowbedi, gari la kusindikiza mbele na nyuma, kutembea mchana tu, na pale Kitonga na kona zake kila mtu anasimama. Silinda ndefu ya haidroliki iko katikati ya hizo mbili, inabebeka, ila usiipige kona na usiiache ikae mwezi kwenye jua na mvua nje ya stoo ya forodha huku kofia za kuzibia zimeanguka. Mwenye mgodi akiwa Utah kule Marekani au Alberta kule Kanada anapiga simu spea inakuja kwa barabara nzuri kutoka ghala la kampuni. Huku unapiga simu halafu unahesabu meli.

Wengine wanasema kwaiyo kwa mazingira yetu kamba tu, mana spea ni nyepesi. Nimewasikia sana na nawaelewa ila mimi sikubaliani nao, nikipewa hela yangu mwenyewe nichague nitachukua meno. Sababu yangu haipo kwenye chuma ipo kwa watu. Meno yanakupa muda. Ukichelewa kupima mwanya wiki hii utapima wiki ijayo na mkono bado utakuwepo, mlio utabadilika, opereta atalalamika, grisi itatoka na vumbi la chuma linalong'aa, kila mtu ataona. Ufa unaanza mdogo. Mfumo wa meno unamvumilia bosi wa namna ya yule niliyemtaja kwa muda mrefu kidogo, na mabosi wa namna ile hawajaisha. Kamba haimvumilii. Kamba ni nzuri sana kwenye saiti ambayo mpangaji wa matengenezo akisema inatoka leo, inatoka leo, hata meneja wa uzalishaji awe analia. Saiti hiyo ikiwepo basi kamba itakupa mashine nyepesi, baketi kubwa kidogo, bumu isiyosokotwa, na hapo nami nasalimu amri. Na saiti yenye karakana safi ya haidroliki na watu wanaofunga mdomo wa hozi kabla ya kuweka chini, hao wachukue silinda walale usingizi.

Rafiki yangu mmoja, fundi umeme, tukibishana haya ananiambia we mzee unachagua mashine kwa kuogopa meneja. Ndio. Mashine nyingi nilizoona zimekufa hazikuuliwa na mwamba.

Ila meno nayo yana sharti na nisilifiche, yanataka wachomeleaji. Sio wawili. Mgodi ukinunua shoveli ya meno bila kuwa na wachomeleaji wa daraja la juu wa kwake mwenyewe, wanaolipwa vizuri wasikimbilie kwingine, basi ule uvumilivu ninaousifia unageuka deni, nyufa zinapakwa juu juu, siku moja mguu mmoja unaachia mwingine unabaki umeshika peke yake na hapo unaanza kupiga simu ya lowbedi. Vyuo vyetu vya ufundi vinatoa wachomeleaji wengi wa mageti na matangi, wazuri tu, lakini kuchomelea chuma nene cha kubeba mshtuko ni fani nyingine na inachukua miaka. Upande wa kamba pia, kuisoma kamba, kujua nyuzi ngapi zikikatika kwenye urefu fulani ndo unaitoa, kuipima unene kwa kalipa na sio kwa kidole, ni elimu ambayo kijana anatakiwa aende nayo mpakani mkononi badala ya kwenda kujifunzia usiku kwenye mashine ya watu.

Kwaiyo mhariri ombi langu ni dogo. Mkiandika tena kuhusu mgodi unaonunua mashine, au kampuni ikiwaita kwenye uzinduzi na keki, mwandishi wenu aulize maswali haya: mkono unasukumwa na nini, kamba ya akiba au pinioni ya akiba iko stoo gani leo hii tunavyoongea, nani ana mamlaka ya kuisimamisha mashine masaa yakifika, na wachomeleaji ni wa kwenu au wa kukodi. Watajibu ya tani bila kuulizwa. Haya watayakwepa, na mkiandika kwamba wameyakwepa sisi huku chini tutaelewa.

Na ile picha muirekebishe tafadhali.

Fundi mashine nzito,
Tunduma, Songwe